Barua Hii Usiigawe kwa Mbili

Kambi ya Mabomba
Jumanne, saa nne asubuhi

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba kwa miezi yote ambayo kalamu yangu ililala. Natumai barua hii inakukuta umeketi. Kama inakukuta umesimama na ndoo mkononi, itue hiyo ndoo kwanza. Mpwa wangu hajambo? Na huyo mgeni wetu wa miezi saba tumboni mwake, anacheza vizuri? Safari hii siulizi afya zenu kwa mazoea ya kujaza mstari wa kwanza. Nauliza kwa sababu nataka kujua, na jibu lake naliogopa.

Mimi huku nadunda, ila naandika kwa haraka, kwa hiyo ukiona herufi zimelewa ujue mwandishi hajanywa.

Kabla sijaendelea, naomba uache kusoma. Nenda uani, ichomoe kamba kwenye gurudumu la roda, funika mdomo wa kisima kwa ule mfuniko wa mbao, na juu yake weka jiwe kubwa. Mwambie mpwa wangu maji yale asiyanywe tena, asiyapikie, wala asichemshie chai. Kunyweni maji ya mvua ya lile pipa la chini ya paa, na yakiisha mkachote zahanati. Halafu rudi uketi umalizie barua. Nitakungoja hapa hapa.

Umekwenda? Hukwenda. Nakujua kama ninavyoujua mpini wa sururu yangu. Umecheka kwa puani, ukamgeukia mpwa wangu ukasema mjomba wako ameanza, gawa kwa mbili.

Hiyo hesabu yako, Dada, ndiyo inayonitisha kuliko kitu chochote leo. Nilikuwa na miaka saba nilipoingia mbio nikisema nimefukuzwa na mbwa kumi. Ukasema watano. Ukanikagua miguu, hukuona hata mkwaruzo, ukasema wawili. Jioni jirani akaja kuuliza nani kamtisha mtoto wa mbwa wake. Tangu siku hiyo kila neno langu umelikata katikati kama mkate. Nilipoacha shule darasa la sita nikakwambia mwalimu kaishiwa na vya kunifundisha, wewe uliyeacha shule yako ili mimi nisome, hukugawa. Ulifuta machozi tu ukaenda jikoni. Na tangu nishike kazi ya visima umegawa mpaka umechoka: kile kisima chenye kina ambacho nikiwa chini niliwasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa, lile joka lililonipisha likaniambia samahani fundi, ulimi wangu unaoonja maji na kutaja mvua yake ilinyesha siku gani. Vyote uligawa, na vyote ulikuwa na haki. Lakini barua hii usiigawe. Nakuomba kwa jina la mama yetu, ambaye sijawahi kumtaja katika uongo hata mmoja. Pekua kumbukumbu zako zote, hutaukuta.

Utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu. Nimepiga. Yako inasema haipatikani, na najua iko wapi: iko kabatini, imezimwa, unaitunzia chaji kama mtu anavyotunza mbegu. Ya mpwa wangu nimeipiga mara kumi na tisa, na hiyo hesabu ni kamili, usiiguse. Mwisho nikampigia mwenye duka wa hapo njia panda. Nikamwambia akimbie kwenu awaambie kisima kina sumu. Nikamsikia anawatangazia wateja wake kwamba ni yule mjomba wa visima, leo kaja na mpya. Akaniuliza hiyo sumu ina mkia au haina. Mwingine nyuma yake akapaza sauti akitaka kujua kama joka langu limekunywa likafa, maana angependa kulitumia rambirambi. Nikaapa. Wakazidi kucheka, wakasema sasa mjomba kaongeza na viapo. Walicheka mpaka salio langu likaisha.

Nilibaki na simu sikioni kama kichaa. Watu wale nimewachekesha miaka ishirini, na kila kicheko nilikiona ni mali yangu. Kumbe nilikuwa napanga mawe mlangoni kwangu mwenyewe, na siku ya kutaka kutoka nikiwa na moto nyuma yangu, mlango haufunguki. Ndiyo maana nimeandika. Lori la mabomba linaondoka saa nane mchana, na dereva wake ni mtu asiyejua kucheka hata akitekenywa. Nimemwambia asimpe mwingine yeyote ila wewe.

Sasa nikueleze nimejuaje.

Kama nilivyokuandikia, hapa kambini mimi ni mtu mzito. Nilikwambia mashine ya kuchimbia haiwashwi mpaka nifike. Ukweli wake ni kwamba ufunguo wa stoo ya dizeli unakaa mfukoni mwangu. Unaona, naanza kujigawa mwenyewe. Basi kuna binti wa maabara ameletwa hapa, umri wa mpwa wangu, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kazi yake ni kupima maji ya visima vyote vya zamani vilivyo jirani kabla hatujateremsha mabomba. Mafundi wanamwita Daktari wa Matope. Ofisi yake ni kontena lililotobolewa dirisha, lina meza ya plastiki na feni isiyozunguka mpaka uisukume kwa kidole.

Wiki iliyopita alikuta kisima kimoja, maji meupe kabisa, baridi, matamu, akasema kifungwe. Kina aseniki. Mimi neno hilo nililijua kwenye sumu ya panya tu. Na hatua sitini kutoka hapo, kisima kingine, udongo uleule na kina kilekile, akasema hiki salama. Jana tulipokuwa tunakula mchana mafundi wakambana aeleze. Akasema tofauti ni shimo la takataka za soko lililo karibu na kile cha kwanza, limejaa majani, maganda na vyakula vilivyooza. Nikaangua kicheko. Nikamwambia binti yangu, mimi nimechimba visima mia mbili, ardhi ni chujio, mwaga juu unachotaka, chini yanatoka maji. Na tangu lini ganda la ndizi likawa sumu ya panya? Akajibu kwa adabu kwamba ganda halina sumu, sumu ilikuwamo ardhini tangu zamani. Mafundi wakanitazama mimi. Nikaona heshima yangu inateleza.

Unalijua lile dumu la lita tano ninalolijaza kisimani kwenu kila ninapomaliza likizo. Nalibeba hadi huku, nawaonjesha watu kifuniko kimoja kimoja kama dawa, nawaambia haya ni maji ya kisima nilichomchimbia dada yangu kwa mikono hii, onjeni mjue tofauti ya fundi na mchimbaji. Nikalifuata chumbani, nikalitua juu ya meza yake ya plastiki mbele ya mafundi sita, nikamwambia apime hayo ajifunze maji mazuri yanafananaje.

Akamimina kidogo kwenye kichupa, akatia unga wake, akakifunga kwa kizibo chenye kipande cha karatasi nyeupe, kidogo kama ukucha. Akasema tungoje dakika ishirini. Karatasi ikibaki nyeupe ni heri, ikiwa njano ni mashaka, ikiwa kahawia ni hatari. Zile dakika mimi nilizitumia kuwapa hadithi ya watu waliokohoa upande wa pili wa dunia. Nilifika mahali pale ninapoiga kikohozi chenyewe, wameshika mbavu, yeye akafungua kizibo.

Dada, ilikuwa kahawia. Kahawia ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Fundi mmoja akasema labda karatasi imeharibika. Binti akarudia kwa karatasi nyingine, na pembeni akapima maji ya tangi la kambi. Ya kambi ikabaki nyeupe. Yangu ikaja kahawia tena. Hakuna aliyecheka. Akaliinua dumu kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha matope mekundu yaliyotulia chini, akauliza maji haya yana siku ngapi. Nikasema wiki tatu. Akanieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba ile kutu inapozama huizamisha na sumu nyingi, kwa hiyo tulichopima ni masalia. Nikajikuta namwambia basi gawa kwa mbili. Hakunielewa. Akasema hapana mzee, hii kwa kisima chenyewe unazidisha.

Mimi, Dada, niliyesimama kwenye mashimo ya futi themanini, nilitafuta pa kukaa. Nilikaa juu ya ndoo.

Mafundi wakatoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka msibani. Nikamwomba anieleze tena, mara hii kwa lugha ya mtu wa darasa la sita. Akasema chembe za mchanga huko chini zimevaa koti la kutu. Aseniki imefungwa kwenye kutu hiyo kama mbuzi aliyefungwa kambani, na maadamu kamba ipo, hamdhuru mtu. Unaweza kuchota maji hapo miaka na miaka. Sasa mwaga kitu cha kuoza juu yake. Mvua inanyesha, uozo unayeyuka, unashuka na maji mpaka chini. Huko kuna vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vinauona uozo huo ni karamu. Vinakula, na vinavyokula vinavuta hewa iliyomo majini, mpaka hewa yote inakwisha. Hewa ikiisha havifi, vina ujanja wao: vinaanza kuivuta ile kutu badala ya hewa. Kutu inayeyuka, kamba inakatika, na mbuzi yuko huru ndani ya maji. Maji chini yanakuwa meupe, ukiyatoa juu yakakutana na hewa, ile kutu iliyoyeyuka inarudi na kuyafanya mekundu. Akaongeza kwamba ule uozo wenyewe ukishayeyuka unakuwa kama mchukuzi wa sokoni: hana mali yake, lakini mizigo ya watu anaibeba na kuifikisha mbali kuliko ambavyo ingefika yenyewe.

Nikabisha. Nilikuwa nabisha kama mtu anayeshika jani huku anasombwa. Nikasema samadi ni baraka, kila mkulima anajua. Akasema ni baraka juu shambani, penye hewa. Chini pasipo na hewa ni jambo jingine. Halafu akaniuliza, bila hila yoyote, kama karibu na kisima chetu kuna shimo lililojazwa kitu.

Unalijua shimo hilo. Wewe ndiye uliyeniomba nilijaze, lile la udongo wa matofali, pale kwenye mwinuko juu ya kisima, alipotumbukia mbuzi wako. Uliniomba mawe na udongo. Nami nikakwambia mawe ni kazi ya wasio na akili, nikaenda kiwanda cha mbao, wakafurahi kuniona kama mkombozi, wakanipakilia unga wa mbao lori tatu. Machinjioni nako wakanipa samadi na yale yatokayo matumboni mwa ng'ombe, lori mbili. Hizo lori ni tano kweli, uliziona. Nikalijaza kwa siku moja, nikalifunika kwa udongo mwekundu, nikapiga hatua kutoka hapo hadi kisimani, kumi na mbili, nikajisifu kwamba mtu mwingine angebeba udongo huo kwa wiki. Mwaka uliofuata ukapata maboga makubwa kama ngoma juu ya lile shimo, nami nikawaambia watu wote kwamba mimi nikijaza shimo, hata shimo linashukuru.

Hiyo ni miaka saba sasa. Mvua saba zimelikamua shimo lile kama chujio la tui, na tui lote limekwenda kisimani kwako.

Nikakumbuka yote kwa mara moja, Dada. Uliponiandikia kwamba chai inageuka nyeusi kama wino. Kwamba shuka nyeupe zinatoka na rangi ya kutu. Kwamba asubuhi ndoo ya kwanza inanuka yai viza. Na mimi nilikujibu nini? Nilijibu kwamba hicho ni chuma, na chuma kinaongeza damu. Mpwa wangu alipopata mimba na zahanati wakamwambia damu yake ni pungufu, mimi, mjomba wake, nikamwandikia anywe maji ya kisima changu kikombe kikubwa asubuhi na jioni, ayanywe yakiwa mekundu vilevile, asiyaache yatulie. Niliandika asiyaache yatulie. Natumai amenidharau kama wengine wote. Sijawahi kuomba nidharauliwe, leo naomba.

Na lile jambo la viganja vyako. Mwaka jana ulisema umeota sugu viganjani na nyayoni wakati jembe hujalishika tangu mavuno, na kifuani una madoa kama matone ya mvua juu ya vumbi. Nikakutania kwamba ni uzee, jipake mafuta. Yule binti aliniomba mkono. Nikampa kwa majivuno, nikamwambia hizi sugu ni shahada yangu, za sururu hizi. Akazibonyeza moja moja. Kisha akaniomba nivue kiatu. Nikavua. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nyayo nazo hushika sururu.

Nilikivaa kiatu changu. Ninayo na mimi, Dada. Kila likizo, kila dumu, miaka yote hii. Lakini wangu mwili umeshakula chumvi nyingi, hauniumizi roho. Nikamuuliza kuhusu mama mjamzito. Alifungua kifuniko cha kalamu, akakifunga, akakifungua tena. Ndipo akasema aache leo, asingoje kesho, na apelekwe hospitali kubwa apimwe, aseme wazi alikuwa anakunywa maji ya namna gani na kwa muda gani. Akasema mwili ukiacha kuipokea sumu hii huanza kuitoa wenyewe kwa mkojo, siku chache tu sehemu kubwa iliyomo damuni inapungua, hata kama sugu na madoa yatachelewa. Hakuniahidi kitu. Lakini alilisema lile neno chache, siku chache, nami nimelishika kama mtu aliyening'inia kisimani anavyoshika kamba.

Sikiliza na haya, maana nakujua utatafuta njia ya mkato. Kuchemsha hakusaidii. Sumu hii haifi kwa moto, maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki na kukolea. Kuchuja kwa kitambaa hakutoshi. Kuyaacha yatulie usiku kucha kunapunguza, lakini umeona dumu langu la wiki tatu lilivyosema. Majirani wanaochota hapo nao waambie. Watakucheka. Wewe hawajazoea kukucheka, kwa hiyo wataacha upesi.

Sasa nimefika mahali ambapo tangu alfajiri kalamu inapazunguka kama kuku anayeogopa kuingia bandani.

Najua umeinua macho ukatazama ukutani, kati ya saa na picha ya marehemu shemeji. Umeitazama ile karatasi uliyoiwekea fremu ya kioo, yenye mhuri wa ofisi ya maji, inayosema maji ya kisima hiki yamepimwa na yanafaa kwa kunywa. Umejiambia basi, mdogo wangu kachanganyikiwa na jua, serikali ilishapima. Ndugu wakija unawaonyesha. Ndiyo pekee katika sifa zangu zote ambayo hukuwahi kuigawa, kwa sababu ilikuwa na mhuri.

Dada, yale maji hayakuwa ya kisima chako.

Unakumbuka ulikuwa umekwenda kumuuguza wifi yako. Bwana maji alikuja jioni kuchukua maji ya kupima, pikipiki yake ikaharibika, akaniachia chupa mbili akaniambia wewe ni fundi, unajua taratibu, zijaze kesho asubuhi nitazipitia. Asubuhi nikateremsha ndoo. Maji yakaja na ile harufu. Nikayaonja. Huu ulimi ninaousifu, Dada, siku ile ulisema kweli: ulisema hapa pana kitu. Na wiki ileile jina langu lilikuwa mezani kwa kazi hii ya kambini. Walikuwa wanatafuta fundi mwenye sifa, na walisema watatazama kwanza kisima alichochimba nyumbani kwao. Nikawaza, chupa hizi zikisema vibaya, nani atampa kazi fundi aliyeshindwa kumpa dada yake maji? Nikayamwaga. Nikaenda zahanati na chupa zangu mbili, nikazijaza kwenye tangi lao la maji ya mvua, na yule muuguzi akaniuliza za nyumbani, nikasema salama.

Ile karatasi ni cheti cha paa la zahanati. Ofisi ya maji hawakudanganya, walipima nilichowapa. Nilikupa uitundike, ukainua mikono ukamshukuru Mungu, ukasema leo mdogo wangu umenitoa aibu. Na mimi nikala chakula chako, nikanywa na maji, nikakwambia nimepata kazi kwa jasho langu.

Ni miaka miwili. Siku zake sijaweza kuzihesabu, mimi ambaye hupenda hesabu kubwa. Kila siku ni ndoo, na mpwa wangu mimba yake yote iko ndani ya miaka hiyo.

Jana hiyohiyo nilimwambia msimamizi habari za zile chupa. Hakunifokea. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo wa stoo ya dizeli. Watu wa ofisi ya maji wanafika Alhamisi kuniandikisha maelezo, na amesema nisitoke kambini mpaka hapo. Hiyo ndiyo sababu umeletewa barua na si mimi. Sitaki kukudanganya zaidi, kwa hiyo niseme na hili: kama angeniruhusu, sijui kama ningeweza kuingia mlangoni kwako nikakutazama. Ijumaa nitakuja, nikiwa na yule binti na kisanduku chake. Unifukuze mbele yake ukitaka, lakini yeye umpokee.

Dada, sasa fikiri kama unavyofikiri wewe, kwa hesabu. Hadithi zangu zote, tangu wale mbwa kumi, itafute hata moja ambayo mwisho wake mimi nilitoka mdogo. Ambayo mimi ndiye niliyekuwa mwoga, au mwizi, au mjinga. Hakuna. Mtu hujitilia chumvi ili anone, hajitilii ili aoze. Hii ni ya kwanza. Kama nilitaka tu kukutisha nicheke, ningejipa nafasi bora zaidi humu ndani.

Na kwa kuwa nimeamua kujigawa, visima si mia mbili. Wewe ulisema mia. Ni sitini na kimoja. Sikumsikia mtu yeyote akikohoa upande wa pili wa dunia. Huko chini kuna giza na mtu unasikia moyo wako tu, na kila mara niliogopa, na kila mara nilipanda juu nikiwa na hadithi ili nisiulizwe.

Nisalimie mpwa wangu. Mwambie mjomba wake anaomba msamaha, na kwamba kile kikombe kikubwa akitupe. Msalimie huyo aliye tumboni, mwambie anisubiri nimwombe mwenyewe. Majirani wape salamu na maji ya mvua.

Ombi la mwisho. Dereva atakapokukabidhi barua hii atakaa nusu saa akinywa chochote utakachompa, kisichotoka kisimani. Mpe ile kamba. Ikunje uifunge kwenye gunia umpe aniletee, kamba yote, na ndoo yake. Usiandike jibu, usitume salamu. Kesho jioni lori likirudi nitakuwa nimesimama getini. Likifika tupu nitajua umenigawa, na hapo msimamizi na ofisi ya maji watanisamehe, maana nitakuja kwa miguu. Likifika na kamba, nitaketi chini palepale nilie, mbele ya mafundi wote, na wakisimulia siku nyingine kwamba nililia ndoo nzima, waambie ndiyo, wala wasigawe.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa visima sitini na kimoja.